Tufunge Chakula kwa Kitu Gani?



Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukishika mkononi kila siku bila ya kukitazama, nacho ni kile kinachofunga chakula. Ukipita Konde asubuhi ukanunua mandazi, utapewa ndani ya kitu. Mtoto akinunua ubuyu mlangoni mwa skuli, atapewa ndani ya kitu. Mandazi yatakwisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na ubuyu utakwisha kabla ya kengele. Je, hicho kilichoufunga ubuyu kitaishi muda gani? Hilo ndilo suala letu, na ningependa ulijibu wewe mwenyewe kabla hatujafika mwisho wa somo.

Wazee wetu wa Pemba hawakuwa na shida ya suala hili. Machungwa na shelisheli zilitiwa katika pakacha la makuti mabichi, likasukwa palepale chini ya mnazi. Samaki kutoka diko la Tumbe alitungwa katika mtungo. Halua ilitiwa katika kikapu kidogo cha ukili, na karafuu zikaanikwa juu ya jamvi. Chakula cha safari kilifungwa kwa jani la mgomba lililobabuliwa kidogo motoni ili lilainike lisipasuke. Kazi ikisha, pakacha lilitupwa nyuma ya nyumba, na baada ya mvua za masika hukulikuta tena. Hakuna aliyeliita jambo hilo elimu ya mazingira. Lilikuwa pakacha tu.

Kisha ukaja mfuko wa plastiki. Katika mwaka 1933, kwenye maabara moja huko Northwich, Uingereza, wakemia wawili walikuwa wakijaribu jambo jingine kabisa, wakakuta ndani ya chombo chao kitu cheupe kama nta. Kitu hicho ndicho poliethileni. Mfuko wa mkono wa plastiki kama tuujuavyo ulibuniwa na fundi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, na hati yake ya ubunifu ilitolewa Marekani mwaka 1965. Lazima tuseme kweli: mfuko ule ni kitu cha ajabu. Ni mwepesi, hauvuji, hauozi, na bei yake ni karibu na bure. Anayesema kuwa watu waliupenda kwa ujinga hasemi haki. Waliupenda kwa sababu ulifanya kazi.

Lakini hilo la kutooza, ambalo dukani ni sifa, nje ya duka ndilo tatizo lenyewe. Hebu tuelewe kwa nini.

Chukua muhogo. Ndani yake mna wanga, na wanga ni mnyororo mrefu uliotengenezwa kwa punje za sukari zilizoshikana moja baada ya moja. Udongo una vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo vina vimeng'enya, ambavyo waweza kuvifananisha na mikasi midogo. Mkasi mmoja hukata mnyororo wa wanga, mwingine hukata mnyororo wa ukuti. Kijidudu hukata punje, akala, na kilichobaki ni maji, hewa na mboji. Huko ndiko kuoza. Poliethileni nayo ni mnyororo, tena mrefu sana, ila umeungwa kwa namna ambayo mikasi ya vijidudu haipati pahali pazuri pa kushika. Jua huweza kuukausha na kuuvunja, lakini kuvunjika si kuoza. Mfuko mmoja huwa vipande mia, vipande mia huwa vumbi, na vumbi lile bado ni plastiki, likiwa katika udongo wa shamba au tumboni mwa samaki.

Serikali ya Zanzibar ililiona jambo hili mapema. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa kwetu mwaka 2006. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sisi tulitangulia, na haifai tulisahau. Basi mbona pwani zetu bado zina plastiki? Sababu moja ni kuwa marufuku ililenga mfuko wa kubebea, ule wenye mikono. Lakini mfuko ule ni gari tu. Abiria wake, yaani ubuyu, malai, karanga, juisi na urojo, bado wamevaa plastiki. Mfuko wa kubebea waweza kubadilishwa kwa kikapu siku moja. Kinachogusa chakula ni kigumu zaidi kukibadilisha, maana kina kazi nyingi: kizuie maji yasitoke, mafuta yasipenye, vumbi na nzi wasiingie, na bei yake isizidi faida ya muuzaji. Mama anayeuza ubuyu hana nafasi ya kununua kifungashio kinachopita thamani ya ubuyu.

Tuanze na kile tulichonacho tayari. Jani la mgomba lina nta juu yake, ndiyo maana tone la maji huteleza. Hustahimili moto, halihitaji kiwanda, na likitupwa huliwa na mbuzi. Mwaka 2019 duka kubwa la Rimping katika mji wa Chiang Mai, huko Thailand, lilianza kufunga mboga kwa majani ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba ya mwanzi, na picha zake zikaenea duniani kote kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Bibi zetu wangecheka. Hata hivyo jani lina mipaka. Hukauka na kupasuka baada ya siku mbili tatu, huota ukungu likiwa na unyevu, na lazima lioshwe vizuri. Kwa mandazi, samaki wa kukaanga, muhogo wa kuchoma na kila chakula kinacholiwa siku ileile, sioni kwa nini tusilirudie kesho asubuhi. Kwa bidhaa itakayokaa dukani mwezi mzima, jani halitoshi.

Hapa nitie neno juu ya magazeti. Wauzaji wengi wameacha plastiki wakakimbilia gazeti kuukuu au kurasa za madaftari. Mimi ni Ofisa wa Elimu, na nimekwisha kula kachori huku nikisoma insha ya mtoto wa darasa la sita. Insha haikuwa mbaya, lakini mafuta ya kachori huyeyusha wino, na wino haukutengenezwa uliwe. Karatasi safi isiyochapwa ni sawa. Karatasi yenye maandishi isiguse chakula chenye mafuta.

Wala usidhani kuwa kila kitokacho mtini ni salama. Huko India hutengenezwa sahani kutokana na ala pana inayoshika kuti la mpopoo. Ala huokotwa ikisha kuanguka, huoshwa, kisha hukandamizwa kwa chuma cha moto ikapata umbo la sahani. Ni kazi nzuri kuitazama, na sisi tunayo mipopoo. Lakini mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa sahani hizo haziruhusiwi kutumika kwa chakula nchini mwao, kwa kuwa mpopoo una kemikali za asili, zilezile zinazomlevya mtafuna tambuu, ambazo zaweza kuhamia katika chakula. Basi kuna masuala mawili, wala si moja: kitu hiki kitaoza? Na kabla ya kuoza, kitamdhuru anayekula?

Sasa twende kwenye kitu ambacho waweza kukitengeneza mwenyewe wiki hii. Muhogo mbichi una wanga karibu robo ya uzito wake. Kuna muhogo, utie maji, ukamue kwa kitambaa, na uyaache yale maji meupe yatue kwa saa kadhaa. Mwaga maji ya juu, uanike kilichotua chini. Huo ndio wanga. Twaa kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vijiko vikubwa vinne vya maji, kijiko kidogo kimoja cha siki na kijiko kidogo kimoja cha gliserini, ile inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya ngozi. Koroga kwenye moto mdogo bila ya kuacha mpaka uji uwe mzito na uanze kung'ara. Umwage juu ya sinia lililopakwa mafuta kidogo, uutandaze uwe mwembamba, kisha uuache pahali penye kivuli na upepo kwa siku moja au mbili. Utabandua utando unaopinda kama plastiki laini.

Kwa nini siki? Husaidia kuikata ile minyororo yenye matawi ili utando usiwe na mabonge. Na gliserini? Huingia kati ya mnyororo na mnyororo ikaizuia isishikane kupita kiasi. Bila ya gliserini utando wako utakatika kama papa mkavu. Ukiufahamu ufundi huu, umeufahamu msingi wa viwanda vingi vya namna hii duniani, maana huko nako wanga na kilainishi ndio mwanzo wa kazi.

Utando huu una kasoro mbili, nami sitaki kuzificha. Ya kwanza ni kuwa wanga hupenda maji. Funga karanga kavu ndani yake, utaona mambo mazuri. Mimina urojo, utabaki na urojo mkononi na mfuko ndani ya urojo. Ya pili ni nzito zaidi. Muhogo ni chakula. Katika kisiwa ambacho mchele mwingi huja kwa meli, siku duka likikosa mchele, muhogo ndio unaobaki. Si busara kuutoa muhogo kinywani mwa mtu ili tuufanye mfuko wa kumfungia karanga mtu mwingine. Maganda na mihogo iliyoharibika, sawa. Shamba zima la kulisha kiwanda cha mifuko, mimi napinga.

Ndiyo maana macho yangu yanatazama baharini.

Zao la mwani lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi uliofanywa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na wengi wanaoulima ni wanawake. Wewe unayeusikiliza mtambo huu huko Micheweni wajua kazi yake kuliko mimi: kuamka na maji kupwa, kupiga vigingi, kufunga kamba, kuinama saa nyingi katika maji ya chumvi, kisha kuanika. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mwani mkavu. Kilo hiyo huuzwa kwa bei anayoitaja mnunuzi, ikapakiwa katika meli, ikaenda zake.

Inakwenda kufanya nini? Ndani ya mwani wetu mna ute uitwao karagenani. Ndio unaofanya dawa ya meno isitiririke kama maji na aiskrimu isiwe barafu tupu. Karagenani pia ni mnyororo wa sukari, kama wanga, nayo huweza kutandazwa ikawa utando. Spinosamu, ambao ndio unaolimwa zaidi hapa kwetu, hutoa ute laini unaonyumbulika. Kotonii hutoa ute mgumu zaidi, na ndiyo yenye bei nzuri, ila haivumilii joto la maji, na sehemu nyingi za Unguja imekwisha kuwashinda wakulima. Mwani haudai ardhi, haudai mbolea, haudai maji ya mvua, wala haumnyang'anyi mtu sahani yake.

Wengine wamekwisha kuanza. Mjini London kampuni ya Notpla hutumia mwani kutengeneza vifungashio na kupaka visanduku vya chakula ili mafuta yasipenye, na mwaka 2022 ilipata zawadi ya Earthshot. Katika mbio ndefu za London za mwaka 2019, wakimbiaji walipewa kinywaji ndani ya vifuko vya mwani ambavyo mtu huvitia kinywani na kuvimeza pamoja na kinywaji. Huko Indonesia, ambako watu hulima mwani kama wetu, kampuni ya Evoware imetengeneza vifuko na vikombe vinavyolika. Sizitaji kampuni hizi ili tupige makofi. Nazitaja kwa sababu mwani ukiondoka Pemba ukiwa mkavu ndani ya gunia, faida ya kuusarifu hubaki kwa anayeusarifu. Tukiuza mwani kwa gunia kisha baadaye tununue mifuko ya mwani kutoka nje, tutakuwa kama mwenye mnazi anayenunua tui kwa jirani. Serikali iliamua kijengwe kiwanda cha mwani Chamanangwe, nami naona suala la vifungashio lafaa liulizwe hapo: je, katika kazi za kiwanda hicho, utando wa kufungia chakula una nafasi?

Kikundi cha akina mama chaweza kuanza na sufuria. Osha spinosamu mara nyingi mpaka chumvi itoke. Uchemshe kwa moto mdogo mpaka uyeyuke. Chuja kwa kitambaa safi ungali moto, maana ukipoa hugandia kitambaani. Tia gliserini kidogo, tandaza katika sinia, anika kivulini. Utando utakaopata utafaa kwa vitu vikavu, kama ubuyu, karanga, viungo na karafuu za kuuzia wageni. Kwa urojo, nasema wazi, haujafaa. Nao pia hunywa unyevu, na Pemba unyevu haukosekani. Kwa urojo bakuli lako ulilolileta kutoka nyumbani lashinda kila uvumbuzi.

Jambo moja linanisumbua, na wakulima wenyewe wanalijua. Mwani huu tunaoutarajia utuondolee plastiki hufungwa kwenye kamba za plastiki kwa vile vikamba vidogo viitwavyo taitai, ambavyo navyo ni plastiki. Vikikatika vinakwenda na maji. Zamani tulikuwa na kamba za usumba. Zinakatika mapema, ndiyo, na mkulima hawezi kubeba hasara hiyo peke yake. Lakini mnunuzi anayetaka kuuza mwani kwa sifa ya usafi wa bahari, naye aulizwe atachangia nini katika kamba.

Mwisho kabisa, jihadhari na maneno yaliyochapwa juu ya mifuko. Utaletewa mifuko ukaambiwa, huu unaoza. Muulize aliyeuleta: unaoza wapi, na kwa muda gani? Kuna plastiki ya mahindi iitwayo PLA ambayo huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi karibu 60 za Selsiasi. Pemba hatuna mtambo huo, na bahari yetu, hata wakati wa kaskazi, haifiki joto hilo. Basi kwetu sisi PLA ikitupwa ufukweni ni plastiki tu. Kuna mifuko mingine iliyotiwa dawa ya kuifanya imong'onyoke haraka. Hiyo ndiyo mbaya kupita zote, kwa kuwa hukupotezea ushahidi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia bidhaa za namna hiyo zisiuzwe kuanzia Julai 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliiweka mifuko ya aina mbalimbali udongoni, baharini na hewani kwa miaka mitatu. Mwaka 2019 walitoa habari kuwa mfuko mmoja ulioitwa wa kuoza bado uliweza kubeba vitu vya dukani baada ya miaka hiyo mitatu udongoni au baharini. Mwingine, wa kugeuka mboji, ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni ulikuwapo bado baada ya miezi 27. Kitu kilekile, pahali pawili, majibu mawili.

Kwa hiyo majibu ya Plymouth si majibu ya Pemba, na sisi lazima tupime wenyewe. Hii ndiyo kazi ya vikundi vya kusikiliza. Kateni vipande vitano vya ukubwa wa kiganja: jani la mgomba, karatasi ya kaki, utando mlioutengeneza wenyewe, mfuko wowote unaouzwa kwa jina la kuoza, na plastiki ya kawaida. Pimeni kila kipande, mkiandike. Vitieni katika kipande cha wavu wenye matundu madogo sana, kila kimoja na alama yake, mvifukie kina cha shubiri moja katika udongo wenye kivuli. Fanyeni seti ya pili kama hiyo, mkaifunge imara kwenye kigingi cha mwani ambako maji hupwa, ili muipate tena wala isiende zake. Vifukueni kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miezi sita. Andikeni tarehe, ukubwa uliobaki, rangi, harufu, na kama kipande kinakatika kikivutwa. Pale mtakapokuta kipande kimegeuka vipande vidogo, msiandike kuwa kimeoza. Vikusanyeni vile vidogo katika chupa ya kioo yenye maji, mwandike jina na tarehe, muiweke, na mwezi ujao mtazame tena kama vingalimo.